Kuwa na Uchungu Nacho

Mtu akikuambia "nina uchungu", utampa pole na pengine utamsogezea kiti. Akikuambia "nina uchungu na mtumbwi ule", humpi pole. Unaelewa kwamba mtumbwi ule ukiguswa, ameguswa yeye. Kwamba akiukuta umeachwa ovyo ufukweni, hatapita bila kuuvuta juu. Neno ni lilelile. Kilichoongezeka ni "na" tu, na kwa hiyo "na" tumetoka kwenye maumivu tukaingia kwenye ulinzi.

Nimekua na neno hili hapa Mwanza na nalipenda kuliko maneno mengi ya moyo tuliyo nayo. Siku hizi naona linabanwa. Wanaoandika, hasa, wanalitumia kana kwamba ni jina jingine la huzuni, au la hasira. Nataka kulitetea, na ili nilitetee lazima nilizungushe kidogo sehemu linakotumika.

Tuanzie ulimini, maana huko ndiko kila mtu hulifahamu kabla hajajua kulitamka. Chungu ni mwarobaini, mti uliopewa jina hilo kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Chungu ni shubiri. (Shubiri na subira yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu, na huko yana shina moja, anayesubiri na anayelamba shubiri wametajwa kwa herufi zilezile.) Chungu ni zile nyanya chungu sokoni, ambazo wengine huziita ngogwe, na wapo watu ambao maharage bila hizo hayawashukii. Kwa hiyo tangu mwanzo uchungu si kitu cha kukimbia tu. Kuna uchungu tunaounywa ili tupone, na kuna uchungu tunaoununua kwa fungu kwa sababu tunaupenda.

Sisi wa kando ya ziwa tuna mwalimu mwingine, nyongo ya samaki. Mtoto anayepewa sato kwa mara ya kwanza ampasue, huonyeshwa kwanza kile kifuko cha kijani kilichojibana kwenye ini, na huambiwa hicho asikitoboe. Akikitoboa, ndimu haitamsaidia sana, wala chumvi, wala kuosha na kuosha tena. Nyama iliyoguswa na nyongo itabaki chungu hata ikikaangwa ikakauka. Uchungu haukai juu ya kitu, huingia ndani. Ndiyo maana mtu aliyekaa na maneno kifuani muda mrefu, siku akiyatoa, tunasema ametema nyongo.

Na kuna akina mama ambao wakitaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka maji ya mwarobaini kifuani. Nimelifikiria hilo sana. Maana yake ni kwamba huenda somo la kwanza la mtoto kuhusu uchungu ni kuukuta umepakwa juu ya kitu anachokipenda kuliko vyote duniani.

Likiwa sifa, neno hili ni tiifu: dawa chungu, mboga chungu, ukweli mchungu, maneno machungu. Likiwa nomino hubadilika tabia. Uchungu hauhesabiki. Hata hivyo watu wamejitengenezea "machungu", na wamefanya vizuri, kwa sababu machungu si uchungu mwingi. Machungu ni yale mtu aliyoyapitia na sasa anaweza kuyasimulia: machungu ya ndoa, machungu ya ugenini, machungu ya kuanza biashara bila mtaji. Yana mwanzo na mwisho, na msimulizi amesimama upande wa pili wake. Uchungu wenyewe bado haujasimuliwa. Umemshika mtu.

Nasema umemshika kwa makusudi. Uchungu humshika mtu, humwingia, humjaa, humkaba kooni. Yeye si mtendaji. Anachoweza kufanya ni kuuona au kuusikia. Masikioni mwangu, watu wa pwani huegemea "naona uchungu", na huku kwetu "naona" na "nasikia" zinapishana barabarani bila kugombana. Hii ya kusikia inanivutia, kwa sababu si Waswahili peke yetu. Waluo wa Rorya wana neno winjo, ambalo ni la kusikia sauti na ni lilelile la kusikia baridi au kujisikia vizuri. Waganda wa ng'ambo ya ziwa wana okuwulira. Mpulira enjala, husema, yaani nasikia njaa. Lugha ya kwanza si ya Kibantu, ya pili ni ya Kibantu, na zimekubaliana kwamba hisia ni kitu kinachokuja na mtu hukisikia, kama anavyosikia anaitwa kwa jina.

Mahali neno hili linapoeleweka bila maelezo yoyote ni leba. Katika wodi ya wazazi, Bugando au Sekou Toure, muuguzi huuliza tu "uchungu umeanza saa ngapi?" na hakuna anayemwuliza uchungu upi. Mwanamume aliyevunjika mguu kwenye bodaboda, akiletwa jengo la jirani, ana maumivu. Hata akilia kuliko mama yule, ni maumivu. Maumivu ni habari ya mwili ulioharibika. Uchungu wa uzazi huja, huachia, hurudi na nguvu zaidi, na una mahali unakoelekea. Mkunga hupima umekaribiana kiasi gani kwa sababu uchungu huo ni kazi inayoendelea, na atakuwa na wasiwasi ukikatika kabla kazi haijaisha. Sijui neno jingine la hisia katika Kiswahili ambalo kukoma kwake mapema ni jambo la kuogopesha.

Watu wa Sengerema na Geita wanalijua hili kwa namna yao. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, karibu kilomita 3 za zege juu ya maji, njia ya kuja Bugando ilipita kwenye kivuko. Mama aliyeshikwa na uchungu ng'ambo ya pili alisubiri kwenye gati moja na mabasi, malori na magunia. Katika mazungumzo ya vijiweni niliyoyasikia, hoja ya kwanza ya kulitaka lile daraja haikuwa biashara ya mipakani wala utalii. Ilikuwa kwamba uchungu hausubiri kivuko.

Hapa ndipo methali inapoingia: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengi huitaja kana kwamba inasifu kuzaa tu. Mimi nasikia maana mbili zimefungwa kwa kamba moja. Aliyeshikwa na uchungu kwa ajili ya mtoto ndiye atakayekuwa na uchungu na mtoto. Ule wa kwanza unaisha alfajiri moja, huu wa pili haufiki mwisho. Wala sidhani methali inamfungia nje baba, bibi, au shangazi aliyelea mtoto ambaye hakumzaa. Nao wameupata wao kwa mlango mwingine, kwa kukesha na kikohozi cha mtoto, kwa kuuza kitenge ada ilipopungua. Mwambie mlezi wa namna hiyo kwamba huyu si mwanao uone atakavyokutazama.

Sasa huzuni. Ndugu za neno hili ni wengi: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, masikitiko. Siwadharau, kila mmoja ana nafasi yake. Lakini huzuni hukaa. Mwenye huzuni unaweza kumwacha peke yake akakaa nayo, na kesho ukamkuta palepale. Simanzi ni nzito na ina harufu ya ushairi. Masikitiko ni ya barua. Tangazo la kifo huanza "kwa masikitiko makubwa". Sijaona linaloanza "kwa uchungu mkubwa", na nadhani sababu ni kwamba masikitiko yanaweza kutiwa sahihi na mwenyekiti kwa niaba ya wanachama wote. Uchungu hauna niaba. Ama unao wewe, ama huna.

Mji huu umelazimika kuijua tofauti hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, na wakafa watu 228. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Mara zote mbili serikali ilitangaza maombolezo ya kitaifa, siku 3 ile ya kwanza na siku 4 ile ya pili. Maombolezo ya kitaifa yana tarehe ya kuanza na ya kuisha. Bendera hushushwa nusu mlingoti, kisha hupandishwa. Hiyo ni haki ya huzuni, na ilistahili kutimizwa.

Lakini pale Igoma, yalipo makaburi na mnara wa MV Bukoba, ukikaa karibu na waliofiwa hutasikia sana habari za majonzi. Utasikia wakiuliza maboya yalikuwa mangapi. Nani alikuwa anahesabu abiria mlangoni. Kwa nini kivuko kingine kilipinduka baada ya miaka 22 kwa kosa lilelile. Mtu ambaye bado anauliza habari za maboya, wakati watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao, huyo hana huzuni tu. Ana uchungu. Ukimpa neno huzuni umemnyang'anya swali lake, umemwacha na machozi peke yake, na machozi si jambo alilolisimamia pale.

Hii ndiyo sababu "hana uchungu" ni tusi zito kuliko linavyosikika. Nenda uwanja wa CCM Kirumba siku Pamba Jiji inapofungwa. Kabla mtu hajasema wachezaji hawajui mpira, atasema hawana uchungu na timu. Wazee waliokuwepo Pamba ilipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1990 watakuambia wale vijana walikuwa na uchungu na jezi, na wakisema hivyo hutaja marefa waliowabana, barabara mbovu za ugenini, goti lililovimba na mwenyewe akakataa kutoka. Timu ilishuka, ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi msimu wa 2024/25. Mimi husema uchungu wa kweli walikuwa nao wale waliolipa kiingilio madaraja ya chini, mvuani, mbele ya viti vitupu, wakati hakuna redio iliyokuwa ikiitangaza mechi.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, neno hili hugeuka fimbo. Afisa uvuvi akija kuzungumzia makokoro na nyavu za matundu madogo, hachelewi kusema "hamna uchungu na ziwa lenu". Nimesikia pia jibu la wavuvi: nani ana uchungu zaidi, anayelala juu ya maji usiku kucha au anayefika mchana kwa gari? Msimamo wangu ni huu. Kokoro huburutwa karibu na ufuko, palepale sato wachanga wanapojificha, kwa hiyo anayelivuta anavua samaki wa miaka ijayo, na hapo afisa amesema kweli. Lakini uchungu hauletwi kwa hotuba wala kwa kuchoma nyavu mbele ya watoto wa mwenye nyavu. Mtu huwa na uchungu na kitu anachojua kwamba kesho kitakuwa bado chake. Vikundi vya wavuvi vya kulinda mialo, zile BMU, viliundwa kwa wazo hilohilo. Mwalo ambao wavuvi wanaona kauli yao inahesabika, wao wenyewe hukimbizana na wenye makokoro. Pale ambapo kikundi kimegeuzwa mkono wa kukusanya ushuru, hakuna anayeamka usiku.

Mama yangu mkubwa ameanika dagaa upande wa Igombe maisha yake yote ya utu uzima, na kwake nimejifunza vitenzi vya neno hili kuliko darasani. Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi hupumzika. Asubuhi huanikwa juani, mchangani, juu ya miamba au juu ya chanja, na siku moja ya jua kali inatosha. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, wanaharibika, na bei yake inashuka hadi ya chakula cha kuku.

Siku moja wingu lilitokea upande wa Ukerewe bila dalili. Turubai lilikuwa moja. Aliwahi kufunika sehemu ya wake na sehemu ya jirani yake, ambaye alikuwa amekwenda zahanati na mtoto. Wengine wote walinyeshewa. Jioni, akisimulia, alisema "nimeona uchungu" kuhusu dagaa wake, na kuhusu jirani akasema "nimemwonea uchungu". Sikuhitaji kuuliza tofauti. Kuona uchungu ni kwa kilicho chako. Kumwonea mtu uchungu ni kusogea hadi mlangoni kwake na kusikia kwa masikio yake. Huruma ingeweza kumwangalia yule jirani kwa mbali, ikampa pole kesho yake. Kumwonea uchungu ndiko kulikoligawa turubai.

Neno hili lina upande wake mbaya pia, na nisiufiche. "Anaona uchungu mwenzake akijenga" si sifa. Hapo mtu anauona uchungu juu ya kitu kisicho chake, na tunaita wivu. "Anaona uchungu kutoa hata mia" ni bahili. Nikiyaangalia kwa makini, naona hayajatoka mbali na maana kuu. Bahili ana uchungu na mali kiasi cha kusahau mali ni ya nini. Hasidi amejipa umiliki wa bahati za watu. Ni uchungu uleule, umekosea tu pa kushika.

Wanasiasa nao. Kila msimu wa kampeni tunaambiwa "nina uchungu na nchi hii", na makofi yanapigwa. Simkatalii mtu moyo wake. Nadhani tu kwamba kauli hiyo inamfaa zaidi mtu mwingine akiitoa juu yako. Mwalimu ambaye ana uchungu na wanafunzi wake hajitangazi. Wazazi ndio husema, kwa sababu wamemwona Jumamosi yuko darasani na wale wasiojua kusoma. Muuguzi hivyohivyo. Fundi wa mitumbwi anayekataa kukukabidhi mtumbwi wako kwa sababu hajaridhika na ubao mmoja, ingawa umeshamlipa na umekasirika, yule ana uchungu na watu ambao hatawaona, watakaokuwa katikati ya maji upepo ukibadilika.

Wazazi huniuliza, kwa kuwa nafundisha, tunamjengaje mtoto awe na uchungu na vitu. Mtoto anaacha bomba wazi, anapoteza daftari, hashtuki. Huwasimulia alichokifanya mama mkubwa kwa mjukuu wake wa darasa la tano, aliyekuwa akipita juu ya dagaa walioanikwa kama anayepita juu ya majani. Hakumkaripia. Alimpimia sado moja ya dagaa wabichi, akamwonyesha kipande cha chanja, akamwambia, "Hawa wako. Wakikauka utauza, hela yako. Wakioza, vilevile wako."

Mvulana aligeuza dagaa wale siku nzima. Aliwafukuza kuku, akawafukuza kunguru, akamfukuza na mdogo wake. Jumamosi akaenda na bibi yake Mwaloni Kirumba, akakaa nyuma ya sado yake, na mteja wa kwanza alipoanza kuwapekua kwa mkono mzima akitafuta mchanga, aliivuta sado kwake na kumwambia, "Mama, shikamoo, naomba uangalie kwa macho, utawakatakata." Yule mama alicheka, akataka kupunguziwa bei. Mvulana akakataa. Bibi yake akamnong'oneza kwamba biashara ni kupatana, akakataa tena, na mama yule akaenda meza ya pili. Walibishana njia nzima ya kurudi Igombe, bibi akieleza habari za wateja wa kudumu, mjukuu akieleza habari za kunguru.